Kutwanga Bila Mchi: Namna ya Kutengeneza Igizo la Miondoko Kuhusu Kazi za Wanawake Wakati wa Vita

Kila kikundi kipya kinapoanza, iwe Iringa mjini, Makambako au Uyole, maswali ni yale yale. Tuanzie wapi kama hatuna hati ya mchezo? Vita tutavioneshaje bila bunduki? Wavulana wanaruhusiwa kucheza? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku ya kwanza hadi siku ya kuonesha.

Jambo moja kwanza, kwa sababu ndilo linaloharibu maigizo mengi ya aina hii: usiigize huzuni, igiza kazi. Mwanamke aliyetwanga unga wa msafara wa askari mwaka 1916 hakuwa na nafasi ya kusimama katikati ya uwanja ameshika kichwa. Alikuwa na kinu mbele yake na jua linapanda. Mtazamaji akiona kazi imefanywa sawasawa, kwa uzito wake na kasi yake, huzuni ataileta mwenyewe kutoka kwao.

Tunaposema igizo la miondoko tuna maana ya mchezo ambao kikundi kinaujenga chenyewe mazoezini, kwa mwili kuliko kwa maneno. Hakuna anayeandika hati kabla. Nadharia iishie hapo.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Watu 6 hadi 10. Wakizidi 12 utajikuta unatengeneza halaiki. Juu ya hao, tafuta mtu mmoja asiyecheza kabisa, ambaye kazi yake ni kukaa mbele na kuangalia. Msiruke hili, mchezaji hawezi kujiona.

Eneo la mita 8 kwa 8. Darasa lililotolewa madawati linafaa, ukumbi wa kanisa unafaa zaidi. Sakafu ya saruji ni adui wa magoti, kwa hiyo weka mikeka au turubai lililokunjwa mara mbili popote pa kupiga magoti.

Wiki 6, siku 3 kwa wiki, saa 2 kila siku. Hizo ni saa 36. Kwa wanaoanza, kila saa moja na nusu ya mazoezi huzaa dakika moja ya mchezo unaotazamika. Lenga dakika 20, na anayetaka saa nzima mwambie arudi mwakani.

Vifaa halisi: kinu 1, michi 3, ungo 2, majembe 2, ndoo moja ya lita 20, magunia matupu 4, kamba ya katani mita 10, kanga doti 5 (yaani vipande 10), na mahindi kilo 10 ya kufanyia kazi. Azima. Usinunue kinu kipya, kwanza kinatoa sauti mbaya mpaka kizoee.

Daftari, chaki, na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi.

Nguo za baridi. Mkifanya mazoezi Juni na Julai, hasa Njombe na Makete, dakika 20 za kupasha mwili moto si hiari. Misuli ya paja huchanika asubuhi ya baridi kabla mtu hajajua kinachoendelea. Na mgeni aliyepanda kutoka Dar es Salaam apewe siku mbili tatu za kwenda taratibu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Mbeya iko juu zaidi, kwa hiyo pumzi itamwishia katikati ya zoezi naye atadhani ni mgonjwa.

Ruhusa. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji, afisa utamaduni wa halmashauri, na kama kuna wanafunzi, mkuu wa shule na wazazi. Shughulikia wiki ya kwanza. Wanaoshughulikia wiki ya mwisho ndio wanaokuja kuuliza wafanye nini mchezo ukizuiwa.

HATUA YA 1: CHAGUA VITA VIMOJA NA KAZI TATU

Nyanda za Juu Kusini hazina uhaba wa vita. Kuna vita vya Wahehe na Wajerumani, tangu Lugalo Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, Oktoba 1894, hadi kifo cha Mkwawa mwenyewe Julai 1898. Kuna Majimaji ya 1905 hadi 1907, iliyofika mpaka Yakobi, karibu na Njombe. Kuna Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) mwaka 1916, yakapita Tukuyu na kuingia Iringa mwezi Agosti. Kuna Vita vya Pili, wanaume wakapelekwa hadi Burma, huku Ifunda na Kidugala zikipokea wakimbizi kutoka Poland ambao wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Na kuna Vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Chagua kimoja. Kisha usiulize nani alipigana, uliza nani alilisha. Orodhesha kazi zilizofanyika ili vita hivyo viendelee, au ili watu wabaki hai wakati vinaendelea. Kwa miaka baada ya Kalenga kuanguka, kazi mojawapo ni kupeleka chakula msituni kwa siri, kwa Mkwawa na watu wake waliojificha. Kwa Majimaji, ni kutafuta mizizi na majani ya porini baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Kwa 1916, ni kulima peke yako kwa sababu mume amechukuliwa upagazi, au, kwa wake za askari waliofuata msafara, kupika, kutwanga, kubeba na kulea huku mnatembea kila siku.

Toka na kazi tatu tu. Moja ya kukaa mahali pamoja (kutwanga, kusaga, kupeta), moja ya kusafiri (kubeba), moja ya kugusa mwili wa mtu mwingine (kulea, kuuguza, kuosha). Zikiwa hivyo, mchezo utajigawa wenyewe kwa kasi na kwa eneo, hutahitaji kuulazimisha.

Onyo: kila kikundi kinataka kumcheza Nkomanile, mwanamke wa Kingoni aliyenyongwa Songea mwaka 1906 wakati wa Majimaji. Anastahili mchezo wake. Lakini mkimweka humu, kila mtu atataka kuwa yeye, na waliobeba maji watageuka kuwa mapambo nyuma yake.

HATUA YA 2: NENDA KWA BIBI, ULIZA KUHUSU MIKONO

Kwa Kagera, mashahidi wapo: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa ni bibi wa miaka sitini na kitu. Kwa vita vya zamani utapata wajukuu waliosimuliwa, na zaidi ya hapo utapata wanawake wanaojua kazi zenyewe, jambo ambalo kwa igizo la miondoko ni muhimu kuliko tarehe.

Nenda baada ya mavuno. Ukienda Desemba watu wako shambani nawe utakuwa msumbufu. Nendeni wawili watatu, si kumi. Beba sukari na sabuni. Salimia kwa lugha ya pale kama unaijua, "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" kwa Wanyakyusa, na kama huijui, shikamoo yako iwe ya kweli, umeinama kidogo, sio ya kurushwa ukiwa umesimama mlangoni.

Usianze na "Bibi, vita vilikuwaje?" Jibu la swali hilo ni "vilikuwa vibaya," na mazungumzo yamekwisha. Uliza hivi:

- Mlikuwa mnaanza kutwanga saa ngapi, na mnamaliza saa ngapi?
- Mtoto alikuwa wapi wakati unatwanga?
- Mzigo ulikuwa unatwikwa na nani? Ukiwa peke yako ulijitwikaje?
- Mkisikia kitu cha kutisha mlikuwa mnaacha nini na kubeba nini?
- Kazi gani ilikuwa ya wanaume ikawa yenu?

Swali la tatu peke yake limewahi kuzaa nusu ya mchezo kwa zaidi ya kikundi kimoja. Kujitwika mzigo mzito peke yako ni sanaa: gunia linapandishwa kwanza pajani, kisha kifuani, kisha mtu anapiga goti na kuingiza kichwa chini yake, ndipo anainuka kwa miguu. Mwombe bibi aoneshe kwa mkono tu, akiwa amekaa. Wewe fanya mbele yake, naye atakusahihisha. Hapo ndipo utajifunza.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na uliza wazi kama mnaweza kutumia mlichosikia mbele za watu. Akisema jambo fulani lisitoke, lisitoke.

HATUA YA 3: FANYENI KAZI HALISI KWA SIKU MBILI

Siku mbili nzima za mazoezi ni za kutwanga kweli, kupeta kweli, kubeba kweli. Vijana wa mjini watalalamika. Wanaodhani wanajua ndio wanaohitaji zaidi.

Angalieni kutwanga kwa karibu. Mahindi yananyunyiziwa maji kidogo ili pumba zitoke. Sauti ya mwanzo ni nzito na yenye maji, halafu inakauka kadiri pumba zinavyoachia. Sikilizeni mabadiliko hayo kwa sababu mtayahitaji baadaye. Mchi hausukumwi chini. Unainuliwa, unafika juu ya paji la uso, halafu unaachiwa, na mikono inausindikiza tu. Nguvu inatumika kupandisha. Magoti yanalegea wakati mchi unashuka, na pumzi inatoka palepale na sauti ndogo ya "hm" ambayo hakuna anayeikusudia. Jasho likiingia machoni halifutwi kwa kiganja, maana viganja vina kazi; linafutwa kwa bega. Mtoto akiteleza mgongoni anarudishwa kwa kutikisa nyonga mara moja, bila kuacha mchi.

Mwangalizi aandike yote hayo, hasa vitu vidogo vya bega na nyonga. Watu wasiowahi kufanya kazi hiyo huigiza kutwanga kwa mikono miwili inayopanda na kushuka kama pampu ya baiskeli, na kila mama aliyeko kwenye hadhira anajua papo hapo kwamba ni uongo.

Kwenye kubeba, angalieni shingo. Mwenye mzigo kichwani hageuzi kichwa, hugeuka mwili mzima. Macho yanakwenda mbele, hatua ni fupi, kwenye mteremko magoti yanabaki yamekunjwa kidogo na vidole vya miguu vinashika ardhi. Tafuteni kilima cha kweli. Hakuna sakafu inayofundisha mteremko.

Onyo: mizigo ya wapagazi ilikuwa kilo 25 na zaidi. Usimtwike kijana uzito huo ili "aelewe". Kilo 8 hadi 10, juu ya ngata iliyosokotwa vizuri, kwa dakika 15, zinatosha kumfundisha shingo. Mwenye matatizo ya mgongo au mjamzito abebe ungo mtupu.

HATUA YA 4: ONDOA KIFAA, BAKIZA UZITO

Sasa mchi unawekwa kando na kazi inaendelea bila mchi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu mara kifaa kinapoondoka mwili unakuwa mwepesi.

Jaribio ni hili. Mchezaji anatwanga hewani. Mwangalizi anakuja katikati ya mwendo na kumwekea mchi halisi mikononi. Kama viganja vilikuwa vimefumba kabisa, mchi hauingii, na kama vilikuwa wazi mno, unadondoka. Nafasi ndani ya ngumi ibaki ileile ya unene wa mchi. Rudieni mpaka mchi uingie bila mwendo kukatika. Kwa mzigo wa kichwani fanyeni hivyo hivyo kwa ndoo tupu: ikiwekwa ghafla, shingo isishtuke.

Kama uzito unapotea, rudisha kifaa kwa dakika 5, kisha ondoa tena. Mpishano huo mara nne au tano kwa kipindi unatosha. Usihubiri kuhusu "kuhisi". Mwili unakumbuka bila hotuba.

HATUA YA 5: TENGENEZA SENTENSI YA HESABU NANE

Kila mchezaji anachagua miondoko yake kutoka kazi moja na kuipanga kwenye hesabu 8. Mfululizo huo ndio tunaouita sentensi. Mfano wa kutwanga:

1 na 2: mchi unapanda, uzito unahamia miguuni.
3: juu kabisa, kiganja kimoja kinaachia na kingine kinapokea.
4: mchi unaachiwa, magoti yanalegea, pumzi inatoka.
5: jasho kwa bega.
6: nyonga inatikisika, mtoto anarudi juu.
7: jicho kinuni.
8: kusubiri zamu ya mwenzako.

Hesabu ya 8 ni ya thamani kuliko zote. Kusubiri nako ni kazi. Asiyecheza kusubiri kwake anageuka kuwa mashine.

Mkishaishika sentensi, ibadilisheni kitu kimoja kwa wakati: ifanyeni polepole mara nne, kisha ndogo mpaka ionekane vidoleni tu, kisha mkiwa mmelala chali, kisha mkitembea, kisha kwa kugawana mwili, mmoja ana mikono na mwingine ana miguu. Rekodini kila aina na mpe kila moja jina la kuchekesha mtakalolikumbuka. "Ile ya kulala" itawasaidia kuliko "toleo la tatu".

HATUA YA 6: INGIZA VITA BILA KUMLETA ASKARI

Msitengeneze bunduki za mbao. Askari akipanda jukwaani, macho yote yanahamia kwake, na mchezo wa wanawake umeishia hapo. Vita viingie kupitia kazi yenyewe. Njia tatu zinatosha.

Pengo. Hii ndiyo tunayoipendekeza zaidi, na inastahili siku tatu za mazoezi peke yake. Weka watu watatu wanatwanga kinu kimoja kwa zamu, pigo la kwanza, la pili, la tatu, bila kukoma. Mdundo ukishakaa masikioni mwa watazamaji, kama dakika moja, mtu wa pili anaondoka. Haagi. Anaweka mchi usioonekana chini na kutoka. Wawili waliobaki wanaendelea na zamu ileile: la kwanza, kimya, la tatu. La kwanza, kimya, la tatu. Shikilieni kimya hicho kwa mizunguko 16. Kisha, polepole, wawili hao wanaanza kusogeza mapigo yao, wanaziba nafasi ya yule aliyeondoka, mpaka watu wawili wanatoa mapigo matatu. Pumzi zinasikika. Kazi ya watatu imefanywa na wawili, na unga ni uleule.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kuangalia pengo. Wachezaji hupenda kugeuza uso kuelekea pale alipokuwa mwenzao, na jambo lote linageuka kuwa maombolezo. Msiangalie. La pili ni kuharakisha. Mizunguko 16 mtaiona mirefu mno mkiwa ndani. Mwangalizi ndiye ahesabu, kwa vidole, na asiwaruhusu kukata kwenye wa tisa.

Twika na tua. Wawili wawili, mmoja anamtwika mwenzake, wanatembea, anamtua. Rudieni mpaka iwe laini. Kisha punguzeni watu mpaka abaki mmoja mwenye mzigo kichwani na hakuna wa kumtua. Afanye nini? Asijibiwe na mwongozaji. Mwacheni mchezaji asimame na tatizo hilo kweli kweli, dakika nzima kama lazima. Majibu yanayopatikana hivyo ni mazuri kuliko yanayopangwa mezani.

Kifaa kinachobadilika kazi. Michi miwili na gunia ni machela. Kanga ni mbeleko, ni bandeji, ni ngata, ni mzigo, ni sanda. Kila kanga ibadilike mara 3 tu katika mchezo mzima. Ikizidi hapo inakuwa mazingaombwe na watu wanaanza kukisia itakuwa nini tena.

Kuhusu ubakaji. Vita vingi vina hilo, na mnaweza kuambiwa habari zake mkiwa kwa bibi. Msiuoneshe kwa mwili wa mtu jukwaani, hasa mkiwa na wanafunzi. Kubalianeni mapema, kila mmoja kwa sauti yake, nini kitaoneshwa na nini hakitaoneshwa, na yeyote ana haki ya kukataa mwondoko bila kueleza sababu.

HATUA YA 7: PANGA, KISHA KATA

Andikeni kila kipande kwenye karatasi ndogo, tandazeni sakafuni, mpange kwa kuhamisha. Mfano wa mpangilio wa dakika 20: kutwanga na pengo (dakika 6), safari na twika na tua (7), kuuguza (4), kurudi kinuni (3). Kati ya kipande na kipande msizime taa wala msitoke. Kazi moja izae nyingine, kwa mfano mkono unaopeta unageuka mkono unaompepea mgonjwa.

Chora chaki sakafuni mahali pa kinu na njia ya msafara. Msafara upite angalau mara moja karibu sana na watazamaji, wasikie miguu.

Kisha kata theluthi. Kipande mnachokipenda sana kwa sababu kinaonesha mnavyoruka vizuri ndicho cha kwanza kutoka.

HATUA YA 8: SAUTI

Anza bila muziki kabisa. Pumzi, miguu, makofi, mchi mmoja halisi ukigonga kinu, ungo ukipeta mahindi yanayorukaruka: hiyo ni okestra tosha. Muziki wa kurekodiwa unawaambia watu walie saa ngapi, na spika za kukodi zina tabia ya kufa katikati.

Nyimbo za kazi mlizofundishwa kijijini zinaingia kwa ruhusa ya mliyemsikia akiimba, na kwa lugha yake, msizitafsiri. Nyimbo za msiba ziacheni msibani.

HATUA YA 9: ONESHENI KWANZA KWA WALIOWAFUNDISHA

Kabla ya ukumbi wowote, nendeni mkacheze uani kwa bibi mliyemhoji, mchana, bila mavazi maalumu. Angalieni mikono yake wakati anatazama. Ikianza kusogea yenyewe, mmepatia. Akisema "sisi hatukuwa tunashika hivyo," badilisheni, hata kama onesho ni kesho.

Baada ya kila onesho tengeni nusu saa ya mazungumzo. Swali la kufungulia: "Mmeona kazi gani?" Lisiwe "mmejifunza nini?", watu wanajibu hilo kama wako darasani.

MATATIZO YA MARA KWA MARA

Watazamaji wanacheka mvulana akijifunga kanga. Watacheka, maana wamezoeshwa na vichekesho. Dawa ni kutoifanya kanga kuwa vazi. Wote, wasichana kwa wavulana, wavae suruali nyeusi na fulana ya rangi moja, kanga ibaki kifaa cha kazi. Mvulana asibane sauti wala kuzungusha kiuno; afanye kazi kama ilivyo. Kicheko kikija dakika ya kwanza msikisimamishe, endeleeni na mdundo, kitaisha kabla ya pengo.

Inafanana na halaiki. Mko sawa mno. Kila mtu aanze sentensi yake kwenye hesabu tofauti, na muwe sawa wote mara mbili tu katika mchezo mzima, mahali mlipochagua.

Haieleweki ni vita gani. Mtu mmoja aseme sentensi moja mwanzoni, mahali na mwaka: "Iringa, 1916." Yatosha. Msiongeze msimulizi.

Ni watu wanne tu waliobaki, wengine wameacha. Punguzeni kazi ziwe mbili. Pengo linafanya kazi hata kwa watu watatu.

Magoti na mgongo vinauma kila siku. Mnainama kwa kiuno badala ya kulegeza magoti, au hamjapasha mwili. Siku moja bila kutwanga, fanyeni sauti tu. Maumivu yakiendelea siku tatu, mtu huyo asilazimishwe, apewe kupeta.

Mchezaji ameanza kulia kweli katikati ya zoezi. Simamisheni. Mpeni maji, mmoja akae naye nje, wengine waendelee na zoezi la miguu. Msimwombe arudie "kwa hisia ile ile". Pengine kwao kuna habari hamuijui. Siku inayofuata aulizwe faraghani kama anataka kubadilishiwa kazi.

Mzee mmoja anasema mmedanganya historia. Kaeni naye. Mara nyingi anazungumzia kitu mahususi, jina la mtu, njia iliyopita msafara, na mara nyingi yuko sahihi. Kwa Iringa, mkitaka kuhakikisha mambo kabla ya siku ya onesho, yapo Makumbusho ya Boma mjini na ya Mkwawa pale Kalenga.

Mvua imeanza na ukumbi ni wa bati. Hakuna atakayesikia pumzi wala ungo. Wasogezeni watazamaji wakae duara kuzunguka kinu, mita 2 hivi kutoka kwa wachezaji, tumieni mchi halisi badala ya ule wa hewani, na mizunguko ya pengo iongezwe kutoka 16 hadi 24, kwa sababu kimya kitaonekana kwa macho badala ya kusikika. Mvua ikipungua katikati, msirudi kwenye mpango wa zamani. Malizeni hivyo hivyo.